Pahali pa Simone

Asiyekuwapo, na lake lipo. Najua mmezoea kuisema kinyume, hasa mnapogawana nyama na mwenzenu hajafika. Kwa nyama, endeleeni. Kwa watu, nisikilizeni mimi niliyechumbiwa na mgane, nikakuta kila nilichotaka kiwe changu kimeshikwa na mwanamke aliyezikwa.

Aliitwa Simone. Alikufa hapa Likasi katika mvua za mwisho wa mwaka 1971, wiki chache kabla serikali haijafuta majina ya ubatizo. Sisi tuliobaki hai tuliamka Januari tukaambiwa kwamba Hélène hayupo tena, Germain hayupo, Martine hayupo. Tukavaa majina ya mababu. Darasani nikawa citoyenne Ngalula, yaani mwananchi Ngalula, na jina langu la Hélène nikalitunza uani, kama watu wanavyotunza lutuku, pombe ile ya kukatazwa. Lakini Simone hakuna aliyemgusa. Msalaba wake makaburini uliandikwa SIMONE kwa rangi nyeusi, na hakuna mtu wa chama tawala aliyekwenda kule na brashi. Mji mzima wa watu hai walionyang'anywa majina, na marehemu mmoja aliyebaki na lake! Nilimwonea wivu kwa hilo kabla sijaanza kumwonea wivu kwa mengine.

Mume wake, Germain, aliimba sauti nzito ya chini katika kwaya ya parokia yetu ya Kikula. Kazini, mtaa wa Panda, alisimamia pampu zinazovuta hewa kwenye vichujio vya kiwanda, na alikaa palepale Panda katika nyumba ya kampuni. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye diploma, darasa la tano lenye watoto wengi kuliko madawati, na ulimi ambao baba yangu alisema ama utaniozesha ama utanizeesha nyumbani kwake. Germain aliupenda. Alisema akinisikiliza husahau kula. Tulichumbiana mwanzoni mwa 1973, na ndoa ikapangwa kabla mvua hazijarudi.

Simone alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Kasenga, kule kwenye mto Luapula, wakafanya kama desturi yao inavyotaka: walibeba vyote vya mtoto wao. Sufuria, vikwembe vya kujifunga, mbabula ya kupikia, kitanda, mapazia, na cherehani ya miguu aliyowashonea nayo majirani. Nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza, nikaona kuta na sakafu nyekundu inayong'aa kwa nta, nilifurahi. Nilisema moyoni: mwenzangu, hukuniachia hata kijiko, asante sana.

Nilishukuru mapema. Kati ya dirisha na mlango wa chumba cha kulala palikuwa na nafasi ya urefu wa cherehani. Palikuwa patupu, lakini Germain hakupapita. Akitoka chumbani kwenda mezani alizunguka. Alikata kona mahali pasipo na kona, akageuza bega kidogo asije akagonga kitu ambacho wakwe zake walikipandisha lori zamani. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua. Kila nilipomtembelea nilimtazama akizunguka.

Siku moja nikaweka kiti pale. Nilipokuja tena nikakikuta kimerudi ukutani.

"Nani alirudisha kiti?"

"Ni minye."

"Pale kuko nini?"

"Hakuna kintu, Hélène."

"Kama hakuna kintu, basi kiti ikae."

"Acha tu. Kuya tukule." Akanivuta mezani.

Mwanamke hai ningejua pa kumshikia. Ningemtazama nguo, ningemcheka mwendo, ningelipeleka jina lake sokoni Kikula asubuhi na jioni likarudi halina hata ganda. Lakini mwanamke ambaye ni kipande cha saruji kilichofutwa vizuri, utamshika wapi? Hakosei. Hazeeki. Hapiki ugali ukaungua. Nilimshinda kwa elimu, nilimshinda kwa kupumua, na bado yeye ndiye aliyekuwa akipishwa njia nyumbani.

Martine, jirani wa Germain wa ukuta mmoja, alinitilia chumvi kwenye kidonda bila kujua.

"Ee, monitrice, ungemusikia Germain wa zamani! Alikuwa anacheka mpaka batoto yangu banaamuka. Sasa anatabasamu tu, sawa muntu wa picha ya kitambulisho."

Mimi basi nilikuwa mke mtarajiwa wa tabasamu. Kicheko kilikuwa kimeondoka na mwenyewe, Simone. Alasiri moja Martine alikuwa akishona upande wake wa ukuta. Germain alikuwa akinisimulia habari za kazi. Mashine ikaanza kukimbia, akanyamaza katikati ya sentensi, na uso wake ukafunguka. Sina neno jingine. Ulifunguka wote, macho na mdomo na paji, na haukuwa umegeuzwa kwangu. Mashine ikasimama. Uso ukafungwa, habari za kazi zikaendelea. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: uso ule, ugeuzwe upande wangu.

*

Mwaka ule vyama vya vijana vya kanisa vilikuwa vimekatazwa na serikali, kwa hiyo mazungumzo ya Jumapili ya Abbé Damas yaliitwa mazoezi ya kwaya. Tuliimba wimbo mmoja kwa nguvu, madirisha wazi, mpaka yeyote aliyetumwa kutusikiliza aridhike. Kisha tulifunga madirisha na kuanza kubishana. Abbé Damas alikuwa padri kijana, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, mwenye uroho wa maswali kama wengine walivyo na uroho wa samaki. Jumapili hiyo ya Juni, baridi ikitupiga miguuni, aliuliza kama utupu kamili unaweza kuwako.

"Si utupu wa chupa," alisema, "wala wa tumbo la mwisho wa mwezi. Nauliza utupu usio na kitu chochote, usio na hata nafasi ya kuwekea kitu."

Ukumbini walikuwamo wageni. Mama Philomène, mama yake Simone, alikuwa amefika kutoka Kasenga na bintiye mdogo, Suzanne, wakifikia kwa mjomba Firmin aliyeimba nasi kwaya. Walikuja kumfungua Germain. Kwao, marehemu hukaa mabegani mwa aliyemwacha mpaka ndugu zake waje kumtoa, na bila hivyo mgane haoi. Njia ni mbili. Ama wanatoa mtu, mara nyingi mdogo wake, akamate nafasi ya marehemu na jina lake. Ama wanampaka mgane unga mweupe, wanamfunga shanga nyeupe mkononi, na mambo yameisha. Germain alikuwa ameomba shanga, kwa ajili yangu, na wote walikuwa wamekubali. Hayo niliambiwa. Lakini kama ni shanga tu, kwa nini walimleta Suzanne? Shanga hazihitaji msichana wa kuzibeba, tena mwenye shingo ndefu vile, na sauti ambayo Germain alipoisikia mlangoni aliangusha kitabu cha nyimbo.

Abbé alianza mwenyewe. "Mimi nasema hauwezi. Jaribuni kuuwaza. Mnafuta jua, mnafuta nchi, mnafuta Likasi pamoja na vumbi lake. Anabaki nani? Anabaki yule anayefuta. Na mkimfuta huyo naye, Mungu amebaki. Kabla ya kuumba, Mungu hakuwa na utupu kando yake, kama mtu mwenye jirani. Alikuwepo yeye, basi."

Nilisimama. Nilikuwa na haja na utupu kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Abbé, nimeungama dhambi kwako. Umeniambia imefutwa. Imekwenda wapi?"

Watu wakacheka.

"Imefutwa, Hélène. Haipo."

"Haipo kidogo, au haipo kabisa?"

"Kabisa."

"Basi kumbe kitu kinaweza kutokuwapo kabisa! Kama utupu hauwezekani, msamaha wako ni kuhamisha takataka: unazitoa kwangu unazimwaga uani kwa Mungu. Mimi nataka Mungu anayeweza kumaliza. Aliyeweza kuanza bila kitu, ashindwe kukirudisha kitu kiwe si kitu?"

Wakapiga makofi. Abbé alivua miwani akaifuta, na niliona kwamba anafurahia.

"Dhambi si kitu," alisema polepole. "Ni upungufu. Ni tundu katika nguo. Ukilishona, hujalihamishia tundu popote."

Lilikuwa jibu zuri, nami nililichukia kwa sababu lilikuwa na ushonaji ndani yake.

"Lakini kabla hujashona, tundu lilikuwepo," nikasema. "Utupu wenye kingo, lakini utupu. Germain, waambie. Kazi yako ni kuvuta hewa mpaka kusibaki kitu."

Germain alijikuna shingo. "Sijue, Abbé. Pampu inavuta, sindano ya kipimo inashuka, kisha inasimama mbele ya kufika mwisho. Siye tunaandika 'vide', ni kusema utupu, na tunaenda kula."

Ukumbi ukacheka. Mtu wangu mwenyewe, na sindano yake! Angeweza kunipa utupu mmoja mdogo mbele za watu, akaninyima.

Hapo Mama Philomène akaomba ruhusa kwa kuinua mkono. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu.

"Baba Abbé, siye kwetu hatusumbuke na hii mambo. Pahali pa muntu hapabakie bule. Muntu anaenda, mwengine anaikala. Kama haumuweke muntu, pahali penyewe panatafuta."

"Na kama pale hakuna kitu, Mama?" nilimwuliza. Nilimwuliza kwa adabu, lakini kwa sauti ya darasani. "Mtu akifa amekwenda kwa Mungu. Alipokuwa pamebaki patupu. Anayeingia baadaye hamsukumi mtu wala hampishi mtu."

Aliyejibu ni Suzanne, aliyekuwa akimenya karanga mapajani, na hakusimama wala hakuacha kumenya.

"Yaya monitrice, pardon. Unasema pale hakuna muntu?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa hii wivu yako yote ni ya nani?"

Sijui kama mmewahi kusikia kwaya nzima ikicheka. Inacheka kwa sauti zote nne. Mjomba Firmin alijipiga paja. Abbé Damas aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Germain alitazama viatu vyake. Na mimi, ambaye tangu shule ya msingi sikuwahi kukosa la kusema, nilisimama mdomo wazi na baridi ikaingia. Suzanne akanipa karanga. Kwa heshima kabisa, kwa mikono miwili, kama mdogo anavyompa yaya, dada yake mkubwa.

*

Jumamosi iliyofuata, saa za alasiri, walikwenda Panda kumfungua Germain. Nilitumiwa neno na mjomba Firmin kwamba mchumba haingii. Nisubiri nje mpaka waniite. Nikasubiri kwenye bomba la maji mbele ya nyumba, pamoja na Martine. Dirisha lilikuwa wazi, na hakuna sheria inayomkataza mtu aliye kwenye bomba kuwa na macho.

Niliwaona wakiingia: Mama Philomène, Firmin, mabibi wawili wa ukoo wao wanaokaa Kikula, na Suzanne amebeba bakuli la unga. Mama alikuwa na mkeka wa matete umekunjwa kwapani. Hakuna aliyemwonyesha mahali. Aliutandika palepale, kati ya dirisha na mlango, juu ya saruji yangu ile. Germain akaketishwa kwenye kigoda kando, mkono wa kushoto umenyooshwa. Kwenye mkeka hakukaa mtu. Waliongea kwa Kibemba, sikukamata kitu. Mama alinyanyua shanga, akazishusha, akazinyanyua tena.

Ndipo Suzanne alipoweka bakuli chini, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

Baadaye walinieleza kwamba kona moja ilikuwa imekunjamana, naye aliinama kuinyoosha. Mimi niliona magoti. Niliona shingo ile, na magoti yakipanda juu ya mkeka, na Germain amekaa karibu kiasi cha kumgusa. Nikajua nimedanganywa: hawakuja na shanga, wamekuja na mtu. Martine alinishika kikwembe cha juu. Kikabaki mikononi mwake. Niliingia na cha ndani, nikampita Firmin, nikampita Suzanne, nikaketi katikati ya mkeka, miguu nimeinyoosha kama mwenye nyumba.

Kisha mmoja wa wale mabibi akapiga kigelegele.

"Nani alimutuma huyu?" akauliza Firmin.

"Nyamaza, Firmin," alisema Mama Philomène. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haukuona? Haikuwa siye. Mufu amejichagulia mwenyewe."

"Amejichagulia nini?" nikasema. "Nimekaa tu. Hakuna mtu hapa. Nimekaa pasipo na mtu."

Suzanne aliniinamia sikioni. Safari hii hakuwa akitania. "Yaya, weye haukujua? Hii mukeka ni ya mufu, ile alilalia mwisho. Haikaliwe. Ule anaikaa, njo ule anakamata jina ya mufu."

Watu wangu asili yao ni Kasai. Kwetu tuna miiko yetu, na hata hiyo nilikuwa nimejifunza kuicheka kwa Kifaransa. Huu sikuwahi kuusikia. Kabla sijainuka, Mama alikuwa ameshanipaka unga kwenye paji na mashavu, na shanga zilizoletwa kwa ajili ya Germain akanifunga mimi. Kisha akapiga magoti, akanikumbatia. Alinuka moshi na samaki mkavu. Akaanza kulia, na kile kilio hakikuwa cha desturi, kilikuwa kilio.

"Simone, mwana yangu," alisema shingoni mwangu. "Ulikawia. Ulikawia sana."

Nilitaka kueleza. Maneno nilikuwa nayo, yamepangwa, mazuri. Nikainua macho juu ya bega lake kumtafuta Germain anisaidie, na nikauona.

Uso ulikuwa umefunguka. Macho, mdomo, paji, vyote. Ulikuwa umegeuzwa upande wangu moja kwa moja, hatua moja kutoka kwangu, na machozi yakishuka juu ya kicheko kilichokuwa kinaanza. Niliokuwa nikiutamani miezi yote ile ulikuwa mbele yangu, mzima, bila ukuta katikati.

"Simone," alisema Germain.

Abbé Damas alikuwa ameuliza swali, nami nililijibu ukumbini kwa ujanja. Jibu lenyewe nililipata pale. Utupu kamili unaweza kuwako. Una mahali pake, umekaa kwenye mkeka, umepakwa unga; una mtu anayeupenda na kuutazama kwa macho yake yote, na haoni kitu. Mama alikuwa amemshika binti yake. Germain alikuwa amempata mke wake. Wale mabibi walikuwa wakimshangilia mtu wa ukoo wao. Niliwatazama mmoja mmoja, na katika chumba kile chote hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amenipata mimi. Hata wivu wangu haukuwa na pa kusimama. Nimwonee wivu nani, kama ndiye mimi ninayependwa hivyo?

Nilizikata shanga kwa meno. Niliinuka, nikafuta unga kwa mkono mzima.

"Mimi ni Hélène," nilisema. "Simone amekufa. Kama hamjamaliza kumzika, mzikeni."

Sauti aliyoitoa Mama Philomène sitaiandika. Germain aliniona. Ndiyo, wakati ule aliniona, mimi mwenyewe, na uso wake ukafungwa kama mlango wa duka polisi wakipita.

*

Mjomba Firmin alikuja kwa baba yangu kabla wiki haijaisha. Alikataa kiti. Alisema shanga zimekatwa kwa meno, marehemu ameketiwa kisha ametupwa, na kwamba ndugu hawatamfunga Germain shanga nyingine mpaka aliyezikata alete kuku mweupe na kumwomba Mama msamaha. Bila hilo, marehemu atabaki mabegani mwa Germain, na hapatakuwa na ndoa, wala kwangu wala kwa mwingine. Baba yangu, karani wa kampuni, mtu asiyependa kelele, alinunua kuku siku hiyohiyo akamfunga mguu uani.

Abbé Damas alikuja pia. Hakuleta Biblia, alileta swali, maana ndivyo alivyo.

"Nimesikia unasema kwamba pale kwenye mkeka hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Kama hukuwepo, nani aliumia?"

"Aliyeumia alizaliwa niliposimama," nikamjibu.

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Hélène, yule mama halali wala hali. Alimpata mtoto wake kwa muda wa kufunga shanga, ukamwondoa. Neno moja tu. Mungu hapungukiwi kitu, nawe hupungukiwi kitu."

"Abbé, mimi ndiye ninayejua nilichopungukiwa."

Jumapili baada ya misa walikuja wenyewe: Mama Philomène, Suzanne akimshika kiwiko, na Germain nyuma yao na suti yake ya sikukuu. Baba akawapa viti uani. Kuku alikuwa akijikwarua chini. Mama alikuwa amekonda. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi.

"Sitaki kuku," alisema. "Kuku ni mambo ya Firmin. Minye nataka neno moja tu. Ulikaa juu ya mwana yangu. Sema, pardon Mama. Minye nitasikia, na kesho nitamufunga Germain, na utaolewa."

"Yaya, sema," alisema Suzanne. "Tukapumuzike."

"Mwana yangu," alisema baba, "pardon ni neno ya bule. Inatoka, inapita."

Germain alisogea. Alikuwa hajasema nami tangu siku ile. Aliniita kwa jina langu, Hélène, na akalitamka vizuri, lote, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. "Nitaweka kiti pale," alisema. "Nitaweka kabati. Nitaweka kintu yote unataka. Sema tu. Si ulisema weye mwenyewe kama pale hakuna muntu? Basi utalomba pardon kwa hakuna muntu. Ni nini?"

Alikuwa amejifunza kubishana kwangu, masikini. Na niliona kwamba ananitaka, kwa tabasamu lake lilelile la picha, na kwamba nikitamka neno hilo nitakuwa na mume kabla ya mvua. Nilimtaka. Nawaambia bila haya: nilimtaka siku ile kuliko siku zote.

Nilisimama, kwa sababu siwezi kusema jambo la maana nikiwa nimekaa.

"Mama Philomène," nilisema, "kama pale kwenye mkeka hapakuwa na mtu, ningekuomba msamaha sasa hivi, hata mara ngapi, kwa magoti, maana neno lingepita na lisingemfikia yeyote. Nilibisha ukumbini kwamba hakuna mtu. Nilikosea hoja. Yupo. Nimemwona anavyotazamwa. Alikuwepo pale, yupo nyumbani kwa Germain, na yupo hapa uani amesimama kati yetu, na nyote mnampisha njia. Ndiyo sababu. Utupu ningeuomba radhi. Yeye simwombi."

"Hélène," alisema Germain.

"Simwombi," nikasema. "Wala wewe. Wala Mama. Siombi msamaha."